Kisima cha Mbele ya Nyumba

Kila siku nikirudi kutoka shule nilifungua geti mwenyewe, nikala chakula kilichofunikwa mezani, nikaosha sahani moja. Kisha nilikwenda kwenye kona ya uzio, nikafagia majani juu ya jiwe langu pana na kuanza mchezo wa vijiwe. Mkono wa kulia ulicheza na wa kushoto. Wa kulia ulishinda kila siku, na wa kushoto haukuwahi hata kununa. Jamani, huo nao ni mchezo?

Mimi na mama tulikuwa na miezi minne tu katika nyumba ile. Mama alifua mashuka hospitalini na kurudi jua likizama. Nyumba ya jirani ilikuwa ng'ambo ya barabara, na watoto wake walipita wakicheka, ndoo kichwani, kwenda mtoni. Hawakunijua. Mimi nami nikiwaona nilijifanya nina shughuli nyingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpweke mno. Siku moja nilimwamkia mjusi wa jikoni, "Shikamoo," nikangoja aniitikie.

Ndipo mama akamwita mkandarasi wa kuchimba visima. Alikuja mwanamke mnene mwenye kofia ngumu na sauti iliyofika barabarani. Mpima maji alikuwa ameshapigilia vigingi viwili kiwanjani, kimoja karibu na geti na kingine nyuma ya jiko.

"Maji yapo pande zote mbili," mkandarasi alisema. "Chagua mwenyewe, mama."

"Tuchimbe mbele," mama akajibu. "Na majirani nao wachote. Watoto wao wanatembea mbali."

Moyo uliniruka. Watoto! Wangeingia getini kila siku, wangepanga foleni, wangeniuliza jina langu.

"Nina swali moja," mkandarasi akaendelea. "Kuna shimo la choo karibu na hapa, la sasa au la zamani? Uchafu husafiri chini ya ardhi. Kisima nakiweka hatua hamsini kutoka chooni, la sivyo mtakunywa magonjwa."

"Choo chetu kiko kule chini, mwisho wa kiwanja," mama alisema.

Mkandarasi akanigeukia. "Na wewe, mkaguzi? Watoto hukijua kiwanja kuliko mwenye hati."

Nilikijua, tena vizuri. Lile jiwe langu lilikuwa zege la choo cha zamani, tundu lake limezibwa kwa tofali. Siku moja nilisogeza tofali nikadondosha kijiwe, kikakawia kabla ya kulia chubwi. Kutoka pale hadi kigingi cha mbele ni hatua kumi na mbili. Nilikuwa nimezihesabu, kwa maana mtu akikaa peke yake huhesabu kila kitu.

Nikisema, kisima kitahamia nyuma ya jiko. Nani atakuja nyuma ya jiko?

"Hakuna kitu," nikajibu.

Jumamosi mtambo ulianza kunguruma. Mafundi walinitania asubuhi nzima, "Mkaguzi, tope la sasa lina rangi gani?" nami nikawajibu kwa sauti kubwa kama bosi wao. Nilicheka mpaka nikajishangaa. Bomba la kwanza la chuma lilizama ardhini, la pili likafuata, na la tatu.

Wakati wa mapumziko mkandarasi alitoa kikombe cha bati kwenye begi lake. "Maji ya kwanza yakishapimwa huwa tunayanywa kwa kikombe hiki," alisema. "Naanza mimi, anafuata mwenye nyumba, halafu mkaguzi. Sijawahi kuchimba kisima nisichokinywa."

Watoto wa ng'ambo walikuwa wamesimama getini wakitazama. Mdogo wao, mwenye ndoo nyekundu, akaniuliza, "Eti na sisi tutakunywa hapa?"

Aliniuliza mimi! Miezi minne nilingoja mtoto yeyote aniulize chochote, na swali lenyewe likawa hilo. Akilini nilimwona mgonjwa, amelazwa juu ya mashuka yale anayofua mama.

Nikaangua kilio. "Wasiendelee, mama! Pale kwenye kona kuna choo!"

Mkandarasi alifunua majani, akaliona zege, akapiga hatua hadi mtamboni akihesabu. "Kumi na mbili," alisema, akavua kofia.

"Ulijua?" mama alifoka. "Uliulizwa na unajua, ukanyamaza?"

"Nilitaka watoto waje. Nimechoka kucheza peke yangu."

Mama akaketi pale pale kwenye nyasi.

"Asubuhi yetu nzima imepotea," mkandarasi alisema. "Shimo hili litafukiwa kwa udongo wa mfinyanzi na saruji, uchafu usipate njia. Na wewe utabeba mchanga pamoja na vijana wangu."

Nilibeba ndoo baada ya ndoo. Hakuna aliyenitania. Watoto walikwisha kwenda mtoni, na mchana ule ulikuwa mpweke kuliko yote.

Jumapili mtambo ulihamia nyuma ya jiko, hatua sitini kutoka kila choo. Maji yakapatikana, yakapelekwa kupimwa, yakaonekana salama. Mkandarasi alirudi na kikombe chake. Akanywa, mama akanywa, nami nikapewa.

"Lakini mama, bomba si linaweza kuvutwa mpaka getini?" nikauliza kwa woga.

"Linaweza, na litavutwa kesho," mama akasema. "Ungeniambia mapema, ningekuambia hivyo. Wewe ulificha mambo mawili, mwanangu. Ulificha choo, na ulificha kwamba unaumia. Choo kingewadhuru watoto wa watu, na huzuni ilikuwa inakudhuru wewe. Ukiulizwa, sema kweli hata kama unaogopa kupoteza kitu. Na moyo ukikuuma, usingoje kuulizwa. Njoo uniambie."

Siku mbili baadaye yule mdogo alikuja getini na ndoo yake nyekundu. Ikajaa, ikafurika, naye bado akitazama vijiwe mkononi mwangu.

"Unajua kucheza?" nikamuuliza.

"Wewe utanikimbia nikikushinda," akasema.

Tuliketi kizingitini. Mkono wangu wa kulia, bingwa wa miezi minne, ulishindwa mara tatu mfululizo, na sijawahi kufurahi kama siku ile.