Moto wa Majanini

Taizoon Pirbhai alifunga kamba za viatu vyake vipya, akavitazama kama mtu anayekagua mzigo ulioletwa dukani.

"Vinabana," alisema. "Lakini kavinunua Alisha. Sasa nifanyeje?"

"Vivumilie," Anold Mgaya akamjibu. "Mpaka tufike Mkwaja vitakuwa vimelainika."

"Mpaka Mkwaja nitakuwa nimelainika mimi."

Walikuwa wamesimama mwisho wa njia ya pikipiki, juu kidogo ya Maramba, na jua limeshaanza kuinama. Walikusudia kuondoka asubuhi, ila pikipiki zilizowapandisha zilipata pancha, moja baada ya nyingine. Njia waliijua kwa majina yake: Maramba, milimani hadi Amani, kushuka Muheza, kukata hadi Pangani, kisha kuandama pwani mpaka Mkwaja. Yote kwa miguu. Tangu walipokuwa vijana wakicheza mpira Chumbageni walisema wataifanya safari hiyo. Sasa Pirbhai alikuwa amelifunga duka lake la vifaa vya ujenzi, na mwisho wa mwezi yeye na mkewe Gulshan walikuwa wanahamia ng'ambo kwa binti yao Alisha. Wasipokwenda sasa, basi tena.

Moyo wa Pirbhai ulikuwa umeshamsumbua. Gulshan alimshika Anold mkono mlangoni, akamwambia maneno mawili tu: "Unirudishie, shemeji."

Anold alikuwa amechoka kabla hawajaanza. Tangu afiwe na mkewe Kristina alikuwa na uchovu usioondoka kwa kulala. Lakini aliahidi.

Wakapanda. Mashamba ya mihogo yakaisha, migomba ikaisha, msitu ukaanza.

Njia inapovuka mgongo wa mlima palikuwa na fungu la majani na vijiti, refu kupita kiuno cha mtu. Ya chini yameoza, ya juu yamekauka. Wenyeji hupaita Majanini. Anold alipajua. Babu yake, Asheri Mgaya, aliyetembea kutoka Njombe kuja kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, ndiye aliyemwonyesha; manamba wenzake walipita hapo na mizigo yao mgongoni. Mpandaji huchuma tawi bichi, hujipangusa miguu kutoka magotini kwenda chini, akalitupa pale. Uchovu unabaki, mtu anaendelea. Na hakuna anayechukua kitu kwenye lile fungu. Hata fimbo.

Anold ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Aliona haya. Alingoja mwenzake atangulie, akachuma tawi upesi, akajipangusa, akalitupa.

"Unachezea nini huko nyuma, mzee wa kanisa?"

"Kupe," Anold akasema.

"Basi tupumzike na kupe wako. Magharibi inaingia. Nisali, tunywe chai. Bila chai mimi sipandi hata ngazi."

Anold hakupapenda pale. Lakini alimwona mwenzake amejishika ubavu, uso umempauka. Akachukua birika akashuka kijitoni.

Alipokuwa anarudi, harufu ilimpokea njiani.

Moshi. Ila si moshi wa kuni peke yake. Ndani yake mlikuwa na jasho la siku nyingi, na magunia yaliyolowa yakakaukia migongoni mwa watu...

Pirbhai alikuwa amechuchumaa mbele ya moto mzuri, anajisugua mikono.

"Kuni umezitoa wapi, Taizoon?"

"Si hizo hapo. Msitu mzima umelowa, kumbe kuna mtu katuwekea akiba."

Fungu la Majanini lilikuwa limebomolewa ubavu mmoja.

Anold akaliweka birika motoni. Aseme nini? Kwamba yeye, anayesoma somo kanisani Jumapili, anaogopa majani makavu? Akaketi. Akasema tu, "Tunywe upesi tuondoke. Kwa Ritha si mbali."

Ritha alikuwa na hoteli ndogo ng'ambo ya mlima, kwenye makazi ya wachuma chai. Ndiko walikoagiza vitanda.

Walikunywa. Wakaondoka. Anold akabeba mabegi yote mawili ili kumwondolea mwenzake kazi. Giza lilikuwa linashuka kati ya miti.

"Anold."

"Naam."

"Huu mzigo nani kanibebesha?"

Anold akasimama. "Hujabeba kitu, Taizoon."

"Begani. Kamba inanikata."

Anold akammulika kwa tochi. Shati la Pirbhai lilikuwa limebonyea begani, mstari mmoja mrefu hadi kifuani, kama limelaliwa na kamba nene.

Kamba haikuwapo.

Nyuma yao kitu kilisikika... kwaru... kwaru... Nyayo peku, nyingi, zinaburuzwa. Waliposimama, nazo zilisimama.

"Usigeuke," Anold akanong'ona.

"Sigeuki. Nimechoka hata kugeuka."

Wakaendelea. Pirbhai akawa anaburuza miguu kwa mwendo ule ule wa waliokuwa nyuma. Kwaru. Kwaru. Kisha akakaa njiani.

"Nilale kidogo tu. Wenzangu wote wanalala."

"Wenzako gani?"

"Hawa."

Anold akamulika pembeni mwa njia. Nyasi zilikuwa zimelala chini, hapa na pale, kila mahali ukubwa wa mtu aliyeketi. Na alipokuwa akitazama, nyasi zilizosimama karibu na mguu wake zikainama, polepole, kama zinavyoinama mtu anapojishusha.

Akamshika mwenzake shingoni, akatafuta mapigo ya moyo. Yalikuwepo. Yalikuwa yanapiga kwa kuachana... na kila moja lilichelewa kuliko lililotangulia.

Akaanza Baba Yetu. Katikati yakampotea maneno aliyoyasema maisha yake yote.

Hapo sauti ikatoka karibu na sikio lake. Sauti kavu, ya mtu asiyenywa maji tangu asubuhi.

"Kamwene."

Salamu ya Njombe. Salamu ya babu yake.

Alijua haifai kuitika. Lakini salamu ya wazee ni ngumu kuiacha hewani.

"Kamwene," akasema.

Kisha akavunja tawi bichi, akampangusa Pirbhai miguu, kutoka magotini kwenda chini, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Tawi likawa zito mkononi mwake, zito kama jiwe la kusagia. Pa kulitupa hapakuwapo. Huko nyuma moto wao ulikuwa umelishika fungu zima la Majanini; mwanga wake ulionekana juu ya miti.

Anold akalitazama. Halafu akajipangusa nalo yeye, kutoka chini kwenda juu.

"Nipeni mimi," akasema. "Huyu si wa kwenu. Mimi ni mjukuu wa Asheri Mgaya."

Pirbhai akavuta pumzi, akainuka. "Mbona tumekaa kwenye baridi? Twende, bwana."

Akatangulia, anapiga mluzi.

Asubuhi Ritha alimletea Anold beseni la maji ya moto, kwa sababu hakuweza kutoka kitandani. Akainama kumvua soksi, akatulia. Jana yake Anold alitembea na viatu vizuri, tena kwa saa chache. Miguu aliyoiona Ritha ilikuwa na nyufa za kuingia kidole, nyayo ngumu kama gome, kucha mbili zimekufa zamani.

"Jana kuna moto uliwaka Majanini," Ritha alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wale manamba walishakufa, mzee. Uchovu wao ndio uliobaki, na pa kukaa palikuwa pale tu."

Alimwosha miguu, na yale maji hakuyamwaga uani. Aliyachukua akaenda nayo mbali.

Wakateremka kwa gari. Gulshan akarudishiwa mumewe mzima, mwekundu wa mashavu, mwenye njaa.

Sasa Pirbhai hupiga simu kutoka ng'ambo, jioni za huku. Juzi alipiga tena.

"Mgaya, mwakani nakuja tumalizie. Siku ile tulianza tu."

"Nimechoka, bwana."

"Wewe kila siku umechoka."

Anold alikuwa amekaa barazani kwake Chumbageni, peke yake, jua limezama. Nyuma yake, ndani ya nyumba asimoishi mtu mwingine, mkeka ulichakarika. Kisha kitanda kikalia. Kisha, chumba hadi chumba, wengi wakashusha pumzi...

Kwenye simu Pirbhai naye alizisikia.

"Mgaya," akauliza, "una wageni?"

Anold akasogea pembeni kwenye benchi, kumpisha aliyekuwa amebaki amesimama.