Paka Niliyemnyima Mama

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Makole hapa Dodoma. Nawaomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanilaani...

Enzi zile za ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu, nilikuwa karani wa kupiga chapa serikalini. Nilipenda makuu! Mama yangu alikuwa kijijini Haneti, peke yake, akilima uwele. Panya walimsumbua mno. Nilipomtembelea alinipa gunia la karanga akasema, "Mwanangu, kaziuze hizi, uninunulie paka. Awe jike, azae, na majirani wapate."

Karanga nikauza. Mke wa mtaalamu mmoja wa kigeni alikuwa anafungasha kurudi kwao, naye akiuza watoto wa paka wake. Aina ya Bengali, alisema. Nikachagua jike. Jamani, paka yule! Madoa mwili mzima kama mtoto wa chui, manyoya yanang'aa. Nikambeba hadi nyumbani kwangu.

Nilijiambia atakaa wiki moja tu. Lakini wenzangu wa ofisini walikuja kumtazama, wakaanza kuniita Mama Chui, na kichwa kikavimba. Uzuri ule upelekwe kijijini ukafukuze panya? Nikamtumia mama salamu kwamba paka hawajapatikana bado. Kumbe paka yuko kwenye kochi langu, nachambua miiba ya perege wa Mtera nimlishe!

Panya hawakusubiri. Baada ya kumaliza uwele wote uliohifadhiwa kwenye kihenge, walipanda hadi kwenye masuke ya mbegu ambayo mama aliyatundika juu ya meko. Mvua ziliponyesha hakuwa na cha kupanda. Akawa analima mashamba ya watu ili apewe mbegu. Haya nilielezwa na binamu yangu, Yudita, aliyekuja mjini kuuza kuku.

Mtaniuliza, kwa nini sikumpelekea hata mbegu? Nilimwogopa! Ningeenda, angeuliza habari za paka...

Yudita alirudi tena. Mama alikuwa amenyeshewa akilima kwa watu, kifua kimembana. Ndipo nikamtia paka kikapuni nikaenda.

"Shikamoo mama." Aliitikia kwa shida. Nikamweka paka kitandani kwake, nikakiri yote huku nalia. Mama alimpapasa mgongoni taratibu.

"Jike?"

"Jike, mama."

"Mzuri kweli."

Paka akajikunja miguuni pake. Nikataka kumtoa asije akamsumbua mgonjwa. Mama akanizuia kwa mkono. "Mwache alale, mwanangu. Hana cha kulinda."

Siku chache baadaye tulimzika mama.

Sikuwa na uso wa kurudi mjini na paka yule. Nikamwachia Yudita. Akazaa, akazaa tena, na majirani wakapata kama mama alivyotaka. Leo ukifika Haneti utawakuta paka wenye madoa wamelala kando ya vihenge vilivyojaa. Watu hunishika mkono na kuniambia, "Mama yako alituachia baraka." Niwajibu nini mimi?

Ndugu zangu, mzazi akikutuma kitu, kifikishe! Usikigeuze pambo lako, hata kwa siku moja. Mimi sijafuga paka tena. Panya wanakwangua jikoni kwangu hivi ninavyoandika, nami nawaacha wajilie.