Dawa Ndani ya Mrija wa Mama Komba

Sungusungu, roboti mdogo kuliko punje ya mtama, alitambaa kifuani pa Mama Komba, akaingia kwenye mrija wa plastiki uliozama hadi mshipa mkubwa wa damu. Muda si mrefu taa nyekundu ikawaka ukutani. Ndani ya mrija vijidudu vilikuwa vimejijengea utando, vikajificha humo.

Katika hospitali ile ya Songea, mrija wa namna hiyo ulikuwa unang'olewa mara moja kabla vijidudu havijamwagika kwenye damu. Lakini mishipa mingine ya Mama Komba ilikuwa imeziba yote. Mrija huu ukitoka, mashine inayosafisha damu badala ya figo zake ingekosa pa kupitia.

"Hatuung'oi," alisema Skolastika Kihwelo, fundi wa mashine hiyo.

Sungusungu alivitambua vijidudu vile, akachanganya dawa ya kuviua hivyo hasa. Skolastika akaitia mrijani, kiasi cha kuujaza tu, akaufunga. Dawa ilipaswa kutulia humo hadi jioni. Na kwa kuwa damu haikusafishwa, Mama Komba alikatazwa maji. Yangemjaa mapafuni, mrija ukalazimika kufunguliwa ili damu isafishwe kabla dawa haijamaliza kazi.

Mchana kiu ikamzidi. Roboti wauguzi walimbembeleza kwa adabu, akawafukuza. Binti yake, Devota, hakuweza kuendelea kumtazama mama akilamba midomo. Akamsogezea kikombe.

Skolastika akakipokonya, akanywa maji yote, akajifuta mdomo.

"Mhehe mwizi wewe!" Mama Komba akafoka.

"Nimejifunza kwenu Wangoni. Babu zako walikuja kwetu kuchukua ng'ombe, mimi nimechukua maji tu."

"Mbwa wa mtaani mmewala wote, sasa mmehamia kwenye vikombe vya wagonjwa?"

"Basi nuna, Mngoni!"

Angenuna vipi, na Wahehe ni watani wa Wangoni tangu zamani? Mama Komba alicheka mpaka akakohoa. Wakarushiana maneno hadi jua likazama.

Ndipo Skolastika akainyonya dawa yote kwa sindano kutoka mrijani, na Sungusungu akaingia tena. Taa ya kijani! Utando ulikuwa umeyeyuka. Mashine ikaanza kuzunguka, damu ikapita. Devota akapiga vigelegele, wodi nzima ikaitikia.

Kutwa nzima Skolastika alikuwa akichekesha watu huku moyoni akiogopa, maana ni yeye aliyekataa mrija ung'olewe. Machozi yakamtoka mbele za watu.

"Njooni muone!" Mama Komba akapaza sauti. "Mngoni kampiga Mhehe, na mkuki hajashika!"