Kikombe cha Muzamil

Kila siku, kabla majogoo wa jirani hawajamaliza kelele zao, mama yake Ashura alikuwa ameshakaa kwenye kigoda akikamua maziwa ya kifua chake kikombeni. Alikifunika kikombe kwa kisahani, akakiweka kwenye beseni la maji baridi kivulini. Kisha alimbusu Muzamil, mtoto wake wa miezi mitatu, akatoka haraka bila kugeuka nyuma. Angegeuka, asingekwenda.

Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, na kiwanda kidogo cha kubangua korosho pale Nanyamba hakikuwa na subira na mtu. Baba yao alikuwa shambani Kitaya, akirudi mara moja kwa mwezi. Muzamil alibaki na Bibi Hawa, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, na Ashura, dada yake wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa kwenye likizo ya Desemba. Ashura alipewa kazi moja tu: kumnywesha mdogo wake maziwa yale kwa kijiko.

Siku ya kwanza Muzamil aligoma katakata. Alifumba mdomo, akajinyonganyonga, akalia mpaka sauti ikakauka. Jioni mama alirudi, blauzi imelowa maziwa kifuani, akakuta kikombe kimejaa vilevile. Weee! Alikaa chini akalia kama aliyefiwa.

"Mwanangu kashinda na njaa, mimi nabangua korosho za watu!" alisema. "Na hata kumbeba siwezi, mikono imejaa mafuta ya maganda!"

Mafuta yale huunguza ngozi. Ilibidi kwanza asugue mikono kwa majivu, huku mtoto akimlilia.

Ashura hakutaka kuyaona tena machozi yale. Kesho yake Muzamil alipogoma, alimpa maji ya sukari, na maziwa akayamwaga kwenye shina la mpapai.

"Amekunywa?" mama aliuliza jioni, hata viatu hajavua.

"Yote, mama. Tena alitaka mengine."

Mama alitabasamu, na Ashura akashusha pumzi. Maskini, alidhani ametenda wema! Wiki tatu nzima mpapai ulinyweshwa, na mtoto, aliyenyonya usiku tu, akazidi kunyong'onyea.

Siku ya kliniki, Ashura akiwa kando ya mama, Nesi Rozalia alimning'iniza Muzamil kwenye mizani. Akatazama, akapima tena.

"Mama, mtoto amepungua sana. Anakula nini?"

"Maziwa yangu tu, nesi. Kila siku anamaliza kikombe."

"Kama anamaliza na bado anakonda, basi kuna ugonjwa. Itabidi aende hospitali kubwa."

Mama alijishika kichwa. "Ya Rabi, mwanangu ananifia! Ni mimi. Ni mimi niliyemwacha!"

Ashura alimshika mama mkono. Kunyamaza sasa kungekuwa kumuua mama yake.

"Mama, si wewe," alisema kwa kwikwi. "Maziwa nilikuwa namwaga. Alikataa, nikampa maji ya sukari. Sikutaka ulie."

Mama alimtazama kana kwamba hamjui. Hakumpiga, wala hakumkemea. Ashura alitamani angempiga tu yaishe.

Nesi Rozalia alimchunguza mtoto kwa makini, kisha akauliza, "Anaponyweshwa, huwa amefunikwa nguo gani?"

"Nguo safi," mama alijibu kwa sauti ya chini. "Kanga zangu zote nazifua na kuziweka mbali naye. Naogopa mafuta ya korosho."

"Basi nyumbani hapati hata harufu yako, ndiyo maana anagoma. Mwachie kanga unayolala nayo, hiyo haifiki kiwandani, afunikwe nayo anaponyweshwa. Mchana aletwe umnyonyeshe. Sheria inakupa muda huo, mwambie msimamizi wako. Na maji ya sukari ni marufuku!"

Msimamizi alinung'unika, lakini akakubali. Kila mchana saa sita Ashura alimbeba Muzamil mpaka getini. Mama alisugua mikono, akamnyonyesha, kisha akamrudisha mgongoni kwa dada yake. Kila siku mtoto aliondoka akilia, na mama akarudi ndani akijifuta macho. Baada ya majuma mawili mizani ilipanda, ila kuagana hakukuwa kwepesi hata kidogo.

Jioni moja mama aliuliza tena, "Amekunywa?"

Ashura alikiangalia kikombe. Neno "yote" lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Nusu tu, mama. Na amelia sana."

Macho ya mama yalijaa.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Nitalia, mwanangu, mpaka huyu akue. Lakini nikiambiwa kweli, nalia huku najua la kufanya. Uongo wako ulinifurahisha mimi, ukamwacha mdogo wako na njaa. Usinifiche tena, hata kama utaniliza."

Muzamil akaanza kulia kule ndani.

"Haya, niletee majivu upesi," mama akasema, "ninawe nimchukue."