Fundi Aliyeogopa Kupumzika

Kulipopambazuka, seremala alikaza kamba za viatu na kutoka mbio. Mkewe alibaki akifagia sebule isiyo na taka. Hakukuwa na mtu wa kuichafua.

Binti yao wa pekee alifariki kwa homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza shule. Wafariji walijaa nyumbani, wakapungua, wakaisha. Majirani waliozoea kumwita mke wa fundi kwa jina la mwanawe hawakujua tena wamwiteje. Wengine walimwita dada. Wengine walimpita tu, macho chini.

Mumewe hakulia. Alipopimwa, presha ilikuwa juu. Daktari akampa dawa, akamwambia apunguze chumvi na afanye mazoezi. Fundi akayashika mazoezi kwa mikono miwili. Asubuhi alikimbia. Jioni, akitoka karakana, aliruka kamba uani mpaka fulana ikamganda mgongoni. Jua, mvua, sikukuu, hakukosa. Mtaani wakampachika jina la Treni.

"Amkeni, Treni imepita!" walitania wauza magazeti.

Mwanzoni mkewe alifurahi, maana presha ilishuka. Baadaye mambo yakageuka. Fundi alikuwa hoi, lakini usingizi haukuja. Chakula kilimshinda. Hasira zikawa karibu. Kisha mguu wa kulia ukaanza kumuuma kwenye muundi, chini ya goti. Aliuchua kwa dawa, akaufunga bandeji, akakimbia.

"Pumzika leo tu, mume wangu."

"Mwili ukiuzoesha uvivu, umekwisha," alijibu, akatoka akichechemea.

Mkewe alibaki na mikono kwenye maji ya vyombo, akiongea na ukuta.

Haukupita muda, wapita njia wakamrudisha fundi wakiwa wamemshika mabega. Mguu ulikuwa umekataa kukanyaga. Hospitalini alipigwa picha. Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa mwembamba.

Jirani yao mmoja alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Jioni alikuja kumjulia hali.

"Pole, shemeji. Hivi nani alikuambia ukimbie kila siku bila kupumzika?"

"Daktari alisema mazoezi ni dawa."

"Ni dawa kweli. Na dawa ina kipimo. Ukinywa chupa nzima kwa mkupuo, utapona?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Ukikimbia, misuli inachanika kidogo kidogo," jirani aliendelea. "Mifupa nayo inachoka. Si vibaya. Lakini mwili unajikarabati ukiwa umepumzika. Hapo ndipo unapopata nguvu. Wewe ukipaka kiti gundi, unakikalia hapo hapo?"

"Nakiacha kikauke."

"Basi mwili wako hujawahi kuuacha ukauke."

"Na presha je?" mke aliuliza. "Haitapanda akikaa?"

"Siku moja ya kupumzika haiharibu kazi, dada. Dawa za presha na vipimo asiache. Mfupa ukipona, aanze kwa kutembea. Akirudi kukimbia, akikimbia leo, kesho apumzike au atembee taratibu. Ale vizuri, alale vizuri. Akiona usingizi umepotea, moyo unakwenda mbio hata akiwa ameketi, maumivu hayaishi na hasira hazina sababu, mwili unamwambia basi."

Fundi aliutazama mguu wake.

"Shida si mguu," alisema kwa sauti ndogo. "Nikikaa kimya humu ndani, namsikia mtoto akiniita. Nikikimbia, nasikia pumzi zangu tu."

Jirani alisogeza kiti karibu. "Hilo halina bandeji, shemeji. Lakini si wewe peke yako unayemsikia."

Mke aligeuka akaenda jikoni. Siku zote hizo alidhani mumewe amemsahau mtoto. Alikuwa amemkasirikia bila kusema neno. Sasa hasira ilimtoka, na uchungu ukabaki mtupu.

Siku za kwanza za kukaa zilikuwa ngumu. Fundi alinung'unika na kugombana na magongo yake. Mchana mmoja mkewe alikuwa akishona pindo la pazia. Fundi akasema, "Sijawahi kukuuliza. Siku ile nilikuwa karakana. Mwishoni alikuwaje?"

Mke aliweka sindano chini.

"Nilikuwa nimempakata. Akaniuliza kama umerudi. Nikamwambia uko njiani."

"Na nilikuwa njiani," fundi alisema. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na mkewe akalia naye, mpaka jua likahama dirishani.

Mfupa uliunga. Fundi alianza kutembea, kisha kukimbia, leo akikimbia, kesho akipumzika. Usingizi ulirudi. Presha ilitulia. Mguu haukumuuma tena.

Asubuhi moja ya mapumziko aliamka kwa mazoea, akaketi kitandani.

"Leo si siku ya kukimbia," mkewe alimwambia.

"Najua." Akajilaza tena. Nyumba ilikuwa kimya. Baada ya kitambo akasema, "Hebu nisimulie ile."

"Ipi?"

"Ile ya mtoto alipomwogesha kuku kwa sabuni."

Mkewe alicheka kabla hata ya kuanza. Machozi yalipokuja, hakuyafuta. Akasimulia yote, tangu kuku alipokamatwa.