Siku Tatu za Malalamiko

Nives alikuwa akipaka jamu kwenye mkate huku mama yake, Ornella, akinywa kahawa harakaharaka ili awahi zamu zahanati. Juzi tu mama huyo alikuwa mmoja wa Makapteni wawili wanaoongoza San Marino kwa miezi sita. Muuguzi alichaguliwa kuwa mbunge, mbunge akawa Kapteni, na sasa amerudi kuwapima watu shinikizo la damu. Kwao ndivyo mambo yalivyo.

Lakini Kapteni akishashuka madarakani, raia wana siku tatu za kupeleka malalamiko dhidi yake, naye huenda akashtakiwa. Ornella hakuwa na wasiwasi hata chembe. Mwenye wasiwasi alikuwa Nives.

"Mama," alisema hatimaye, "Mzee Olinto ameandika malalamiko dhidi yako, mjukuu wake ameniambia. Kosa ni langu."

Akaeleza yote. Mwezi wa Februari alimwambia mwalimu wa warusha bendera, kikundi kinachorusha bendera hewani na kuzidaka kwenye sherehe za nchi, kwamba mama anataka yeye Nives awe mstari wa mbele siku ya sherehe. Mwalimu akaamini, akamrudisha nyuma Milena, mjukuu wa Olinto, aliyekuwa amefanya mazoezi mwaka mzima. Sasa Nives alimsihi mama ampigie simu mzee huyo asipeleke karatasi yake.

Ornella akaweka kikombe chini. "Nikimpigia, hapo ndipo nitakuwa na kosa kweli. Miguu unayo, nenda mwenyewe."

Nives alimkuta Olinto mlangoni kwake amevaa koti, bahasha mkononi, Milena kando yake. Nives akaungama yote.

"Muongo mkubwa wewe," Milena akasema, "na bendera yenyewe uliidondosha."

Ilikuwa kweli. Aliidondosha mbele ya nchi nzima.

Olinto akaichana bahasha. Hakuishia hapo. Alimpeleka Nives kwa mwalimu akayarudie maneno yale yale, na Milena akarudishiwa nafasi yake.

Jioni Ornella alimketisha binti yake mezani.

"Cheo kilikuwa cha nchi, mwanangu, wala si changu wala chako. Karibu nikirudishe na doa. Yule mwalimu alikuamini kwa sababu yangu, ukamdanganya. Mzee Olinto leo hakukuamini kwa sababu yangu. Amekuamini wewe."