Kifuniko cha Msumeno

Kila siku, akitoka shule ya misheni, Nasike alibeba chakula akampelekea baba yake kwenye kiwanda cha mbao nje kidogo ya mji wa Eldoret. Ilikuwa mwaka wa 1952. Mwenye kiwanda, mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mrefu, hakutaka watoto ndani. Kwa hiyo Nasike alisimama mlangoni mpaka msumeno uzimwe.

Siku moja, kabla haujazimwa, alisikia ubao ukiruka. Alipochungulia, baba yake, Wepukhulu, alikuwa amepiga magoti, mkono wa kulia umejaa damu. Vidole vitatu vilikuwa vimekatika.

Sheria ya serikali ilitaka mfanyakazi akiumia kazini alipwe fidia. Wepukhulu alipotoka hospitalini, alimwendea tajiri wake.

"Rudi Jumatatu," Bwana Mrefu akamwambia.

Jumatatu karani hakuwepo. Jumatatu nyingine, daktari alikuwa hajajibu barua. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakatoa mbelewele, na bado Wepukhulu aliambiwa arudi Jumatatu. Asubuhi Nasike alimtazama akihangaika na vifungo vya shati, akikataa kusaidiwa, na kifua chake mwenyewe kikawaka kwa hasira.

Mama yake, Tryphosa, alichoka kwanza. "Baba Nasike, kama wewe unaogopa, mimi nitaenda kwa ofisi ya kazi ya serikali."

Akaenda, kwa miguu. Afisa wa kazi alimwita Bwana Mrefu atoe jibu, na jibu likaja: Wepukhulu alikuwa amelewa siku ile, kwa hiyo hastahili chochote.

Wepukhulu hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe. Aliposikia hayo, alitoka nje akakaa peke yake.

"Mimi nitatoa ushahidi," Nasike alimwambia mama yake. "Siku hiyo kile chuma kinachofunika msumeno kilikuwa kimetundikwa ukutani. Nitasema nilimwona Bwana Mrefu akikitoa."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Lakini nani mwingine angethubutu kukitoa?"

"Basi utasema ulichokiona," Tryphosa akajibu kwa ukali. "Usiongeze hata neno."

Siku ya kusikilizwa kwa kesi, ofisini kwa afisa wa kazi, Bwana Mrefu alifika na shahidi wake. Nasike alimtambua mara moja. Alikuwa Mzee Jackson, jirani yao, aliyefanya kazi na baba yake kwenye msumeno uleule, na aliyekula nyumbani kwao mara nyingi. Jackson alikaa akitazama sakafu.

Afisa, mzungu kijana aliyesema Kiswahili polepole, alimwita Nasike mbele. Nasike alieleza habari za kifuniko.

"Ulimwona Bwana huyu akikitoa?" afisa akauliza.

Bwana Mrefu alikuwa akitabasamu. Nasike alitamani kulifuta tabasamu lile. Neno moja tu, ndiyo, lingetosha. Alikumbuka vifungo vya shati.

"Hapana," akasema mwishowe. "Sikumwona aliyekitoa. Niliona kimetundikwa ukutani, na baba anafanya kazi bila kifuniko. Na hakuwa amelewa. Asubuhi hiyo alinisomea Biblia kabla ya kwenda kazini."

"Mtoto mwenyewe anasema hakuona," Bwana Mrefu akasema. "Jackson, waambie kuhusu pombe."

Jackson alisimama. Alimtazama Nasike, kisha akamtazama Wepukhulu.

"Huyu mtoto angeweza kudanganya na hakudanganya," akasema. "Mimi mtu mzima nimeletwa hapa nidanganye. Wepukhulu hakuwa amelewa. Bwana mwenyewe alitufungulisha kile kifuniko, akasema kinatuchelewesha. Tulipokataa, akasema asiyetaka kazi, mlango uko wazi."

"Umefukuzwa kazi," Bwana Mrefu akasema.

"Najua, Bwana."

Afisa alimwamuru Bwana Mrefu anyamaze. Kabla ya mwisho wa mwezi, Wepukhulu alilipwa fidia yake yote, na kifuniko kikarudishwa kwenye msumeno. Jackson alikaa bila kazi mpaka mavuno. Wakati huo wote, Tryphosa alipopika, alipeleka nusu kwake.

Siku moja wakipukuchua mahindi, Nasike alimuuliza mama yake kama alifanya vibaya kukasirika vile.

"Hata," Tryphosa akasema. "Mtu akionewa, wewe ukatulia tu, kuna kitu kimekufa ndani yako. Mimi pia nilikasirika, na bado nina hasira. Lakini yule mtu alikuwa anangoja tuseme uongo mmoja. Angeushika huo, na mkono wa baba yako ungesahaulika. Ulipokataa kudanganya, hakuwa na kitu cha kushika. Ukikasirika, mwanangu, simama kwa ukweli. Hapo hasira yako itafanya kazi."

Kisha akamsogezea hindi lingine.